Fundi wa Stesheni Isiyoingia Mtu

Saa moja asubuhi, Sospeter Malale amelala kifudifudi uani kwake, mtaa wa nyuma ya reli mjini Mpanda. Shavu limegusa ardhi, jicho moja amelifumba, na kwa lile lililobaki anachungulia mlango wa stesheni.

"Huyu bwana bado anagonga kichwa," anasema.

Stesheni yenyewe inaenea ndani ya boksi la viatu. "Huyu bwana" ni kipande cha mbao ya mninga chenye urefu wa ukucha wa dole gumba, kimechongwa miguu, mabega na kofia. Sospeter amekisimamisha mlangoni kwa kibano cha kutolea miiba, na kweli, kofia inagusa linta ya juu ya mlango. Anachukua kisu, anakwangua kidogo, anarudi kulala. Mkewe, Josefina, anamruka na ndoo ya maji kichwani bila hata kumtazama.

Mwandishi wa makala haya alikuja wilayani Mpanda, mkoa wa Rukwa, kufuatilia habari za asali ya Ugalla. Asali ilipatikana, lakini treni ya kurudia ikakawia kwa sababu ya mvua. Pale nyumba ya wageni akaambiwa yupo fundi anayejenga Mpanda nyingine. Akadhani ni mkandarasi wa mradi wa viwanja, akaenda na maswali yake ya saruji na kokoto.

"Saruji?" Sospeter alishangaa. "Mimi natumia gundi na udongo wa kichuguu."

Mazungumzo yalianza hivyo, kila mtu na lake, na kusema kweli hayakunyooka sana hata baadaye.

Sospeter ana miaka arobaini na tano. Kwa kazi inayoeleweka, yeye ni seremala: milango, vitanda, mizinga ya nyuki, na majeneza pale inapobidi. Lakini tangu mwaka jana, 1997, anatengeneza pia majengo ambayo mtu mzima hawezi kuingiza hata kiganja. Ameshamaliza ghala la mizigo, tangi la maji, nyumba ya stesheni masta na safu ya maduka. Stesheni ya Mpanda ameibomoa na kuianza upya zaidi ya mara moja.

Ukimuuliza hiyo ni kazi gani, anakuna kichwa.

"Nikisema mimi fundi nyumba, watu wanataka waione nyumba. Nikisema natengeneza midoli, mtoto wangu wa kwanza ameshaoa, ananicheka. Wewe andika unavyoona. Ukipata jina, niletee na mimi."

Mwandishi hajalipata mpaka leo.

Vifaa vyake navyo vinashangaza. Mabati yanatoka kwenye mirija ya dawa ya meno. Anaipasua, anainyoosha, anailaza juu ya spoku za baiskeli zilizopangwa sambamba, kisha anaikandamiza kwa kijiti mpaka migongo itokee. Majirani wanamwekea mirija iliyokwisha, na wapo wanaopiga mswaki kwa haraka siku hizi ili wamsaidie. Vioo vya madirisha ni plastiki ya pakiti za mashati mapya. Miti ni dodoki lililokatwakatwa na kutiwa rangi ya kijani. Nyufa zinazibwa kwa nta ya nyuki.

Rula hatumii. Huenda kwenye jengo lenyewe, akasimama ukutani, akatazama dirisha linamfika wapi kifuani na mkono ukinyooshwa unagusa nini. Akirudi nyumbani, anahakikisha yule bwana wa mninga anafikia hapohapo.

"Rula nilipewa," anaeleza. "Ghala la kwanza nilijenga kwa rula. Likatoka zuri, lakini huyu bwana akawa hafiki kwenye komeo. Sasa ghala hilo ni la watu gani?"

Vipimo hivyo ndivyo vilivyouchanganya mji. Siku alipoonekana amejibandika kwenye ukuta wa stesheni, mkono mmoja juu na mwingine pembeni, watu waliacha shughuli zao. Redio kila siku inazungumzia mashirika ya umma kuuzwa. Kufika mchana habari ikawa imeenea kwamba stesheni imeshanunuliwa, na mnunuzi ametuma seremala apime milango. Wengine, waliomjua zaidi kwa majeneza, walisema hapana, kuna mkubwa mmoja wa pale yuko mahututi na mwili wake si wa kawaida.

"Mfanyakazi mmoja alinifuata mpaka nyumbani," Sospeter anasimulia. "Ananiuliza kwa upole, 'Fundi, mimi kazi yangu ipo?' Nikamwambia ipo. Sijui kwa nini nilimwambia ipo. Mimi ni nani?"

Aliyeiagiza kazi hii ni Bruda Gaudensi, mtawa, Mfipa mrefu mwenye mvi, fundi mitambo wa parokia moja ya hapa mjini. Padri mmoja wa Kizungu alipostaafu na kurudi kwao alimwachia sanduku. Ndani yake mlikuwa na treni ndogo ya umeme: injini, mabehewa manne na reli za kutosha kuzunguka chumba. Bruda amezitandaza juu ya mbao kwenye stoo ya zamani ya parokia, na treni inaendeshwa kwa betri ya gari.

Angeweza kuiacha izunguke tu. Hakutaka. Ametengeneza njia ya kutoka Kaliua mpaka Mpanda, na Mto Ugalla ameuweka kwa kipande cha kioo kilichopakwa rangi ya bluu kwa chini.

"Treni lazima iwe na inakotoka na inakokwenda," anasema Bruda. "Ikizunguka bure, hiyo ni feni."

Anayo filimbi, anayo kofia, na ratiba ameibandika ukutani. Yeye ni mtu wa utaratibu. Pasipo na kituo treni haisimami, hata kama anayeomba ni paroko. Alisema mpango wake ni wanafunzi waone kazi za ufundi. Halafu akacheka mwenyewe, akaongeza, "Na mimi nione."

Uzinduzi ulipangwa Jumapili ya sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wake. Mwandishi alipofika, majengo yote yalikuwa yamekwishapelekwa, isipokuwa stesheni iliyokuwa ikikwanguliwa linta, na nyumba nyingine moja. Stesheni ilikwisha siku hiyohiyo. Hiyo nyumba nyingine ndiyo ilikuwa imeigawa familia.

Ni nyumba ya genge. Kwa wasioijua reli, magenge ni makundi ya vibarua na wafanyakazi wanaoishi kambini porini, kando ya njia, kazi yao kukaza, kunyanyua na kuchunga reli isihame. Baba yake Sospeter, marehemu Malale, alikuwa kwenye genge la karibu na Mto Ugalla. Shule ikifungwa, Sospeter alipandishwa kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, akakae na baba yake mpaka likizo iishe.

Nyumba hiyo haipo tena, kwa hiyo hapakuwa na ukuta wa kwenda kujibandika. Sospeter akachonga bwana mwingine, mfupi zaidi.

"Huyu ni mimi wa wakati ule," anasema, akikionyesha kipande kidogo kama punje ya hindi. "Nilikumbuka dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilikumbuka nikikaa kizingitini miguu haifiki chini. Basi nikajenga kwa huyu."

Imepakwa chokaa juu na lami chini, kama zilivyokuwa. Kuna benchi, kuna kamba ya kuanikia samaki. Ndiyo nyumba pekee ambayo Sospeter anaitazama bila kutafuta kasoro. Kasoro ilikuwepo moja: mlango ulikuwa tundu tu, bila ubao. Bawaba ndogo kiasi hicho zilimvunjikia mkononi, akaacha, akasema ataumalizia mwisho. Akaiweka nje, juu ya kigoda kirefu, rangi ikauke.

Kesho yake akakuta unga mbele ya nyumba hiyo.

Bi Nyanzala, mama yake Sospeter, ameshavuka miaka sabini na anaishi katika chumba cha uani, hapohapo kwa mwanawe. Katika desturi za Kinyamwezi alizokulia, mzee aliyefariki hujengewa kibanda kidogo nyumbani ili apate pa kupumzikia, na wanaomkumbuka humwekea unga na pombe. Kwa miaka mingi alimwomba Sospeter amjengee baba yake. Sospeter, ambaye huimba besi kwenye kwaya, alikataa kila mara. Sasa mtu huyohuyo amejenga kinyumba, tena kile alichoishi mzee mwenyewe, akakiweka uani na mlango wazi. Mama angefikiri nini kingine?

"Nilisema mwanangu amenisikia," anasema Bi Nyanzala, baada ya salamu ndefu za Kinyamwezi za mwangaluka ambazo mwandishi aliitikia kwa kubahatisha. "Nikamwambia mzee wangu, haya, umejengewa. Karibu, ingia."

Malale alifariki kwa homa huko gengeni, mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati wa mvua kubwa. Njia ilikuwa imekatika, kwa hiyo wenzake walimzika kando ya reli. Treni ilipopita tena, Bi Nyanzala alikuwa stesheni ya Mpanda na chakula kwenye kikapu, akimngoja mumewe aje mapumziko. Zikashuka sufuria yake, blanketi na taa.

Alikwenda kulitafuta kaburi. Kambi ilikuwa imehamishwa, na pori lilikuwa limesharudi.

"Watu watatu walinionyesha mahali patatu," anasema. "Nililia pote patatu."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea kwa sauti ya kawaida. "Basi huyo mtu hajarudi mpaka leo. Ndio kwanza amepata pa kuingia. Na nyie mnataka mkampeleke parokiani mkamchezee."

Sospeter alijaribu njia ya kati. Alimwambia mama atamjengea nyingine, ileile, hii iende kwa Bruda. Bi Nyanzala alimtazama kama anamtazama mtoto mgonjwa.

"Ukijenga mbili zinazofanana, baba yako ataingia ipi? Unataka azunguke huko nje kama mlevi?"

Mwandishi alijaribu kutafuta jibu kwa niaba ya Sospeter, akaliacha.

"Mimi nimechanganyikiwa kabisa," Sospeter alisema siku ile, akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Nikimpa Bruda, nimemfukuza baba. Nikimwachia mayu, mama yangu, Bruda nimemvunjia ahadi, na kwaya watasema natambika. Na yote hayo nilikuwa nimekaa zangu, natengeneza bati!"

Josefina alikuwa na ufumbuzi wake, akimnyooshea mumewe kidole. "Nyumba ikae. Huyu ndiye aende parokiani."

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya sikukuu, Bruda Gaudensi alikuja mwenyewe kwa baiskeli kuichukua nyumba. Alimkuta Bi Nyanzala amekaa mbele ya kigoda, miguu ameinyoosha, na dalili zote kwamba hana haraka. Bruda akaegesha baiskeli, akachuchumaa, wakasalimiana habari za watoto, za mvua na za miguu inayouma.

Halafu Bi Nyanzala akauliza, "Hilo gari lenu linapita hapa kwenye nyumba?"

"Inapita, mama."

"Linasimama?"

Bruda angeweza kusema uongo, na hakuna ambaye angemlaumu. "Hapana, mama. Genge si kituo. Hata kule kwenyewe ilikuwa haisimami."

"Najua halisimami," alisema Bi Nyanzala. "Aliniambia. Miaka yote anasimama pale na bendera yake, gari linampita. Watu wanampungia mkono dirishani, linampita. Leo amekufa, mnampeleka tena mahali linapompita?"

Mwandishi alisubiri mahubiri. Alidhani Bruda, mtu wa kanisa, sasa atasimama na kusema neno kuhusu mizimu na unga. Bruda hakusema. Alivua kofia, akaitazama ile nyumba kwa muda, akajikuna shingo.

"Sasa mama unasemaje?"

"Lisimame. Likisimama, mchukueni. Na mimi nakuja nione."

Bruda alionekana kuumia kweli. "Tatizo ratiba, mama. Ratiba yangu haina genge."

"Bruda," Sospeter alisema kwa unyenyekevu, "ratiba si uliandika mwenyewe?"

Msafara wa kwenda parokiani ulikuwa wa ajabu. Sospeter alitangulia na nyumba juu ya sinia, imefunikwa kanga. Bi Nyanzala alifuata, ameshika kiuno cha shati la mwanawe. Bruda alikokota baiskeli badala ya kuipanda. Mwandishi alikuwa wa mwisho, na mkononi alikuwa na kibakuli cha unga, ambacho mpaka sasa hawezi kueleza kilimfikiaje. Watu njiani walisimama, wengine wakavua kofia, wakidhani ni msiba wa kichanga.

Stoo ya parokia ina joto na harufu ya rangi. Juu ya mbao, dunia nzima imetandazwa: Kaliua upande wa dirisha, misitu ya dodoki, mto wa kioo, na Mpanda karibu na mlango. Sospeter aliiweka nyumba ya baba yake mahali palipokuwa pamebaki wazi, kando ya mto. Aliisogeza, akairudisha, akaisogeza tena.

Bruda akavaa kofia. Akapuliza filimbi, akasukuma swichi, na treni ikaondoka Kaliua ikivuma taratibu kama nyuki kwenye mzinga. Ikapita msituni. Ikavuka mto. Ikapunguza mwendo na kusimama, na behewa la pili likawa limeelekeana sawasawa na mlango wa nyumba ya genge.

Bruda alikuwa amebakiza kidole juu ya swichi. "Nisimame kwa muda gani, mama?"

"Mpaka apande," alisema Bi Nyanzala.

Hakuna aliyecheka. Bruda aliondoa kidole kwenye swichi na kuweka mikono nyuma. Kule kanisani kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na ilirudia ubeti uleule mara kadhaa kwa sababu besi mmoja hakuwepo. Sospeter aliutazama mlango. Mwandishi naye akajikuta anautazama.

Baada ya muda Bi Nyanzala alijifunga kanga vizuri.

"Haya. Amepanda. Twendeni."

Treni ikaondoka. Yeye akatembea kando yake, ameshika ukingo wa mbao, akiisindikiza hatua kwa hatua mpaka Mpanda. Iliposimama stesheni, aliinama, akausoma mji wote kwa macho yake mabovu: ghala, tangi, maduka, nyumba ya stesheni masta. Akaupitia mara ya pili. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na kwetu kuko wapi?"

Sospeter alikuwa amejenga kila jengo aliloagizwa. Nyumba ya nyuma ya reli, alimozaliwa na anamoishi mpaka leo, hakuna aliyemwagiza. Mahali pake kwenye ubao palikuwa patupu, pamepakwa rangi ya majani.

Sikukuu ilifanyika. Watoto walijaa stooni mpaka madirishani, treni ikaenda na kurudi, na kila ilipofika kando ya mto ilisimama kitambo. Mgeni mmoja aliuliza hicho ni kituo gani, na Bruda akamjibu kwamba kimeongezwa.

Jumatatu, mwandishi alipokwenda kuaga, alimkuta Sospeter amesimama nje ya chumba chake cha kulala, mgongo ukutani, mkono mmoja umenyooshwa juu kutafuta ukingo wa bati. Kitanda cha mteja kilikuwa pembeni, miguu miwili bado. Alisema kitasubiri. Anataka nyumba ya kwao iwe mezani kwa Bruda kabla wiki haijaisha, pamoja na jiko la nje na chumba cha mayu. Baada ya hapo ataongea na paroko mwenyewe, kabla watu wa kwaya hawajamtangulia.

Mwandishi akamuuliza, kwa hiyo sasa anaamini?

"Mimi ni Mkristo," alisema Sospeter, bila kuutoa mkono ukutani. "Vibanda siamini, andika hivyo. Mayu naye ana yake, sigombani naye." Akatazama upande wa parokia. "Lakini mzee ameshashuka, ndugu mwandishi. Yuko stesheni tangu juzi. Utamwacha alale pale, na kwake ni hapa nyuma tu?"